Sura ya Sita: Sol ya Katikati

"Dada yangu alikufa mwezi wa pili," alisema Paluku Raoul, akaweka karatasi mbili juu ya meza. "Mwezi wa tano ameandika muziki mupya. Madame OPJ, weye utaniambia kama ile inawezekana."

Mounira Idrissa, ofisa wa polisi ya upelelezi, hakuzigusa karatasi zile mara moja. Ilikuwa desturi yake kumtazama mtu kwanza na kielelezo baadaye, kwa maana kielelezo husubiri, na uso hausubiri. Uso wa huyu ulikuwa wa mfanyabiashara wa unga wa jumla aliyepoteza ghala lake na ambaye hajazoea kuketi asubuhi nzima bila kuitwa na mtu. Alikuwa Mnande wa Goma. Mji ulipoanguka mikononi mwa wenye silaha, benki zikafungwa na ndege zikaacha kutua, alitoroka na nguo alizovaa. Simu aliitupa ziwani ili isipekuliwe vizuizini. Hatimaye alifika Lubumbashi, ambako mtu wa kwao alimpa pa kulala nyuma ya depo ya unga.

"Dada yako anaitwa nani?"

"Kyakimwa. Anapigaka piano. Anatunga mwenyewe, anaandika nota mwenyewe, anaziweka pa Internet. Bantu ba Ulaya na ba Japon banalipa, banachapa kwao nyumbani, banapiga."

"Hana mchapishaji?"

"Mchapishaji gani? Aliandikia banne, hakuna aliyemujibu. Basi akafungua duka yake. Yeye njo mwandishi, yeye njo kiwanda, yeye njo muuzaji."

"Na wewe unasoma nota?"

"Miye? Hata kidogo. Lakini kila kipande kikitoka, miye njo client wa kwanza. Nalipa, nachapa, naweka ndani ya farde, jalada yangu. Alikuwa ananicheka, miye kaka yake mukubwa: 'Yaya, unanunua chakula na kinywa hauna.'" Alitabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. "Ile duka inaandikia client barua kila kipande kipya kikitoka. Nimefika huku, nimeazima simu, nimefungua barua zangu. Nakuta barua hizi mbili, vipande viwili vipya. Vya muntu mwenye alikufa! Madame, waliniibia nyumba, waliniibia ghala. Jina la dada yangu, hapana. Ile sitawaachia."

"Nani alikuambia kwamba amekufa?"

"Mama. Yeye angali Goma. Nilimupigia, akasema boti ilizama na Kyakimwa alikuwa ndani."

"Mkakaa matanga?"

Raoul alijishika kichwani, mahali ambapo nywele zilikuwa zimeota bila mpangilio. "Nilitaka kunyoa, kama desturi yetu. Mama akakataza. 'Usinyoe,' akasema, 'na matanga usikalie.' Nilifikiri ni huzuni iko inamuchanganya."

Mounira alilinakili jambo hilo bila kulitolea maelezo.

"Unamshuku mtu?"

"Simushuku, namujua. Bénit, kijana wa kompyuta, wa hapa Kamalondo. Yeye njo alimutengenezea ile duka, na mot de passe, nywila ya kuingilia, iko nayo."

Mounira aliyakunja malalamiko ambayo Raoul alikuwa ameyaleta yameandikwa, akayatia mkobani. Hakuyapiga muhuri. Muhuri ungeyapeleka kwa mwendesha mashtaka pamoja na majina yote yaliyomo, naye hakupenda kulipeleka mbele ya watu jina la mtu ambaye hajamsikiliza.

*

Duka la Bénit lilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili za kuchapa na harufu ya wino. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Alipomwona Raoul nyuma ya Mounira, aliinua mikono yote miwili.

"Yaya Raoul! Umenikujia na polisi, kumbe? Ungeniambia mapema, ningefagia."

"Usinicheke, muizi weye!"

"Kaa chini, Bwana Paluku," Mounira alisema. "Nawe Bénit, jibu ninachouliza tu. Vipande viwili vya mwezi wa tano, ni wewe uliyeviweka?"

"Haina miye. Na kama miye ni muizi, basi miye ni muizi mubaya sana. Tazama." Aliigeuza kompyuta kuelekea kwao. "Hivi ni vya zamani. Kyakimwa ananitumia rasimu, miye naviandika na mashine, mustari kwa mustari, safi kama kitabu cha kanisa. Sasa ona vipya. Picha! Muntu amechora mistari na rula, ameandika na kalamu, akapiga picha na simu. Client moja wa Belgique ameandika kulalamika. Miye ningeuza kintu kama hiki?"

"Mapato ya vipande hivi yalikwenda wapi?"

"Hayakuenda fasi yoyote, yangali mule. Hakuna mwenye aligusa."

Mounira aliiinamia picha. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka, lakini mwenye heshima kwa msomaji: kila nota ilikuwa na mkia wake, kila kipimo kimefungwa. Katika pembe ya picha, nje ya karatasi, palikuwa na kitu cha rangi ya kijivu chenye matundu.

"Hiki ni nini?"

"Rideau, nafikiri. Pazia ya dantela."

"Aliyeingia alijaribu nywila mara ngapi?"

"Moja tu, ikafunguka." Bénit alishusha sauti. "Njo kintu kilinitisha, Madame. Muizi anajaribu-jaribu. Huyu aliingia kama muntu anaingia kwake."

"Nywila hiyo inajulikana na nani?"

"Bantu babili."

"Wewe na nani?"

Bénit aliivua kofia yake. "Na marehemu."

"Umesikia?" Raoul aliruka. "Amekiri! Kama ni bantu babili na mumoja alikufa—"

"Nimesikia, Bwana Paluku."

Lilikuwepo jibu la pili, na Mounira alikuwa amekwisha kuliona. Hakulitamka. Kumpa mfiwa tumaini lisilo na ushahidi ni kumzika ndugu yake mara mbili.

"Nichapie hivi viwili," alimwambia Bénit, "na vyote vya zamani ulivyo navyo. Nani katika mji huu atanipigia?"

"Mama Clotilde, wa ogani ya kanisa. Yeye njo anafungaka kamba za piano zote za Haut-Katanga zikiregea. Lakini anagomba!"

*

Mama Clotilde aliishi katika nyumba ya zamani ya matofali karibu na reli. Alikuwa mfupi, mwenye miwani ya kamba, na piano yake ilichukua nusu nzima ya sebule.

"Munawe mikono," alisema kabla ya salamu. "Vumbi ya barabara ile haingie mu touches, vibonye vyangu. Na weye papa murefu, usiegemee. Si mukokoteni."

"Pardon, maman."

Alikitwaa kipande cha kwanza, akakiangalia, akaguna. "Ameandika kwa mukono. C'est du courage, ni ujasiri." Kisha akapiga.

Ulikuwa wimbo mwepesi uliopanda hatua tatu, ukarudi mbili, ukapanda tena, kama mtu anayetikisa ungo. Raoul alikuwa amesimama mlangoni. Kabla ya mstari wa kwanza kwisha alikuwa katikati ya chumba.

"Simama! Simama kwanza. Ile haina ya Kyakimwa."

"Una hakika?" aliuliza Mounira.

"Ni ya mama! Mama anaimbaka hivyo akichambua maharage. Si wimbo wa kanisa, si wa radio. Alijitungia, mu jikoni, tungali batoto. Hakuna muntu anaijua inje ya nyumba yetu." Alimgeukia Clotilde. "Ila umekosea, maman. Pale juu, mama anavutaka sauti murefu. Weye umeruka."

Mama Clotilde aliishusha miwani yake taratibu. "Miye? Nimeruka? Papa, kuya hapa. Unaona hii alama? Soupir. Maana yake nyamaza. Ameandika nyamaza, nimenyamaza."

"Basi yeye njo alikosea."

"Iimbe wewe," Mounira alimwambia Raoul. "Sauti hiyo iliyokosekana."

"Mbele ya bantu?"

"Mbele ya sheria."

Raoul aliimba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wapagazi, lakini ilifika mahali pake na ikatulia hapo. Mama Clotilde alitafuta kwa kidole kimoja, akapata. "Sol. Sol ya katikati."

"Je, katika kipande cha pili, sol hiyo imo?"

Mwanamke yule alikipitia kipande cha pili, waltz fupi, kidole kikitembea juu ya mistari. Akarudi mwanzo. Akakipitia tena, na safari hii midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Tiens. Haimo. Sol ya chini anaitumia, sol ya juu anaitumia. Ya katikati, hata mara moja. Hapa ilikuwa itoke, akaweka kimya. Na hapa pia. Ni kama muntu anaruka shimo mu njia."

"Na vya zamani?"

"Vya zamani imejaa! Ona. Ona. Huyu mutoto anaipenda sana ile sol. Kwa nini ameiacha?"

Mounira alivuta kiti, akaketi mkabala na Raoul. "Dada yako hufanyaje kazi? Huandika kichwani, au kwenye kinanda?"

"Pa kinanda tu. Haandikake sauti mwenye mukono yake haikusikia. Goma courant ikikatika, kinanda yake ya umeme inakufa, basi anangoja. Miye namwambia, andika tu, unaijua! Anakataa. Anasema client iko mbali, hataona uso wangu, kitu pekee nitamupa ni ukweli."

"Basi sikiliza, na usinikatize mpaka nimalize. Aliyeandika vipande hivi anaujua wimbo wa jikoni kwenu. Anaijua nywila. Mapato hajayagusa. Na aliviandika mbele ya piano yenye kibonye kimoja kilichokufa. Mwizi wa karatasi hahitaji piano, Bwana Paluku. Tena, mtu aliyezama ziwani mwezi wa pili hawezi kukutana na kibonye kibovu mwezi wa tano."

Raoul alijishika kichwani tena, pale pale kwenye nywele ambazo mama yake alimkataza kunyoa.

"Ulipompigia mama yako simu, alikuwa peke yake?"

"Peke yake? Madame, mu parcelle, uwanja wa mama, munalala basoda sasa, bale benye bunduki. Mu chumba ya Kyakimwa njo munalala commandant yao. Bo, bale basoda, njo walikuwa banamutafuta, apige muziki mu sikukuu yao. Alikataa." Alisita, na maneno yaliyofuata yakatoka polepole. "Bo walikuwa banasikiliza ile simu."

"Mama akasema mbele yao kwamba binti amekufa, ili waache kumtafuta. Lakini hakuweza kumwachia mwanawe anyoe nywele kwa ajili ya mtu aliye hai. Desturi haikubali, na moyo wake haukukubali. Alikuambia yote aliyoweza kukuambia."

"Na Kyakimwa? Mbona haandike wazi? 'Yaya, niko fasi fulani'?"

"Dukani kwake anaingia yeyote. Hata kamanda anaingia. Kwa macho ya mgeni hizi ni karatasi za marehemu zinazoendelea kuuzwa. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye angezinunua zote na kuutambua wimbo wa mama. Hakuwa na namba yako mpya, wala hakujua simu yako ya zamani, pamoja na barua zako, iko mikononi mwa nani. Alikuwa na anwani moja tu: mazoea yako."

"Lakini anajua siwezi kusoma!" Raoul alilia. "Miye naweka ndani ya farde!"

"Njo vile," alisema Mama Clotilde kwa ukali, akiifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nota haina picha ya kutunza. Ni ya kupiga. Bantu hawasikiake."

Mounira alimgeukia. "Mama, unazijua piano zenye ugonjwa."

"Nyingi. Ile ya Kipushi, mu cercle, klabu ya zamani ya mine, mchwa umekula sauti zote za juu."

"Katika waltz hii ametumia za juu?"

Mama Clotilde alitazama. "Sana. Basi haina Kipushi."

"Nyingine?"

"Kasenga. Kule zamani kulikuwa Bagreki, bafanyabiashara ba samaki. Mumoja aliacha nyumba, aliacha na piano. Nilienda mwaka juzi. Muti muzuri, kamba zimeshika kutu kidogo parce que ya mto, lakini touche moja tu njo imekufa, nyundo yake imevunjika." Mkono wake ulibaki hewani. "Mungu wangu. Sol ya katikati. Nikawaahidia nitatengeneza nyundo ingine. Nimeitengeneza, iko ndani ya tiroir ya meza yangu. Sijarudi."

Mounira aliichukua tena picha ya Bénit, akaileta karibu na dirisha. Matundu yale ya kijivu yalikuwa makubwa mno kwa dantela, na katika fundo moja palikuwa na kitu kinachong'aa kama gamba.

"Bénit anajua kompyuta," alisema. "Lakini wavu wa samaki hajapata kuuona. Bwana Paluku, depo yenu inaleta samaki kutoka Kasenga?"

"Fuso inaenda kesho asubuhi."

"Ina nafasi ya watu wawili?"

*

Walifika adhuhuri, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nyumba ya Mgiriki ilisimama juu ya ukingo wa Luapula, na ng'ambo ya maji ilionekana Zambia. Ukuta ulikuwa umebanduka chokaa, lakini nguzo za baraza zilikuwa bado nzima, na kutoka nguzo hadi nguzo zilitandazwa nyavu za kijivu zikikauka. Mounira aliilinganisha picha na nyavu, akairudisha mkobani.

Mwanamke mnene alikuwa akipasua samaki juu ya ubao. Aliwaona, lakini kisu hakikusimama.

"Bonjour, mama," Mounira alisema. "Tunamtafuta mwenye nyumba."

"Miye njo Chola. Nyumba ni ya kupanga. Munatafuta samaki?"

"Tunatafuta mtu anayepiga piano."

"Piano ilikufa. Na hapa hakuna muntu wa Goma."

"Sijasema Goma, mama."

Kisu kilisimama. Chola aliwatazama mmoja baada ya mwingine: viatu vya Mounira, mkoba wake, na mwishowe yule mtu mrefu aliyesimama jua likimchoma bila kujikinga. "Huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kama ni basoda balimutuma, mutapita juu yangu kwanza. Na miye ni muzito."

Kabla Mounira hajajibu, piano ilianza kulia ndani ya nyumba.

Ulikuwa wimbo ule ule. Ulipanda hatua tatu, ukarudi mbili, ukapanda tena, ukakaribia mahali pake pa juu, na hapo, kama ilivyoandikwa, ukanyamaza.

Raoul akaimba.

Hakuimba vizuri. Sauti ilimkwaruza kooni na vumbi la njia nzima lilikuwamo ndani yake. Lakini ilikuwa sol, na ilikuwa ya katikati, na aliivuta kwa urefu ule ule ambao mama yake alikuwa akiuvuta juu ya maharage.

Piano ilikatika. Kimya kilichofuata hakikuwa kimeandikwa na mtu. Mtoni injini ya mtumbwi ilipita, ikatokomea. Kisha ule mstari ukaanza upya, polepole, hatua tatu, mbili, hatua kwa hatua hadi ukingo wa shimo, ukasimama pale ukingoja.

Raoul akaimba tena.

Kiti kilianguka ndani. Msichana mwembamba, kitenge kimefungwa kiunoni na kalamu imechomekwa kwenye nywele, alitokea mlangoni akishika nguzo kana kwamba nyumba ilikuwa ikiyumba.

"Yaya!" alisema. "Nimekuandikia mara mbili! Umekawia hivi?"

"Ulijua sijue kusoma!"

"Njo maana nikaandika ya mama. Nikasema, ile hata Yaya, na masikio yake ya unga—" Hakumaliza, kwa sababu kaka yake alikuwa amekwisha kumfikia.

Mounira aliwaachia muda. Kisha akafanya lililobaki: aliuliza jina, akauliza njia. Kyakimwa alijibu akiwa amekishika kiganja cha Raoul: Uvira, ziwa hadi Zambia, kisha mto huu, na Chola aliyemkuta ufukweni akamwazima chumba na simu. Boti iliyozama haikuwepo. Mama ndiye aliyeitunga.

"Na mama?" Kyakimwa aliuliza.

"Yuko muzima," alisema Raoul. "Alinikataza kunyoa."

"Kwa wakati huu," alisema Mounira, "mbele ya watu wote wewe bado ni marehemu. Endelea kuuza nota zako. Usiandike neno lingine lolote. Mama yako analindwa na kimya hicho, na nitakilinda nami upande wangu." Akatoa mkobani kifurushi kidogo cha kitambaa. "Hii ni nyundo. Mama Clotilde anaomba radhi kwa kuchelewa."

Kyakimwa alikifungua, akakigeuza kile kijiti kiganjani. "Itawekwa, lakini si leo," alisema. "Leo sol tunayo." Akamvuta kaka yake ndani kwa mkono wa shati. "Simama hapa, Yaya. Kando ya piano. Nikikutazama, weye imba. Nisipokutazama, nyamaza. Utaweza?"

"Nimeuza unga miaka yote na Bagoma. Nitashindwa na hiyo?"

Mounira alibaki barazani. Chola alikuwa amerudi kwenye ubao wake, akiimba kichinichini na kupangusa machozi.

"Madame, uchukue samaki wawili, umupelekee yule mama wa nyundo. Ila karatasi ya kufunga haina."

Mounira alifungua mkoba, akayatoa malalamiko ya Paluku Raoul dhidi ya Bénit, kwa kosa la kuuza muziki wa marehemu dada yake. Alichana sehemu zote zenye majina na jina la mji, akazitia vipande vipande katika moto wa kukaushia samaki, akasubiri hadi zikawa majivu. Ile iliyobaki akamkabidhi Chola.

"Hii inatosha?"

"Inatosha sana," alisema Chola, akawaviringisha samaki ndani yake. "Karatasi ya Leta, ya Serikali, iko nguvu."

Nyuma yao muziki ulipanda ukafika juu, na mfanyabiashara wa unga akaingia mapema mno.

"Yaya! Sijakutazama!"

Wakaanza tena.